Mawe ya Xenophon katika Zizi la Katandala

Katika vitabu vya historia ya nchi yetu farasi hafiki mbali. Anatokea Bagamoyo kwenye kurasa za mwanzo, anasifiwa rangi na mwendo, na kabla msafara haujavuka mito miwili mitatu amekwisha kufa. Henry Morton Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Mmoja, wa kijivu, alipewa na Sultani Barghash wa Unguja. Walipofika Kingaru, bado wako karibu na pwani, huyo wa Sultani akafa. Alipopasuliwa, tumbo likakutwa limejaa minyoo. Wakamzika pale pale karibu na kambi.

Mkubwa wa kijiji akaja juu. Nani kawapa ruhusa kuzika mnyama wenu katika ardhi yangu? Lipeni vitambaa. Stanley akawaita askari wake, akawaambia wamfukue farasi na kulifukia shimo kama lilivyokuwa, yaani mwenye ardhi abaki na ardhi yake, na mzoga juu yake. Mzee akaona bora yaishe. Haikuchukua muda farasi wa pili naye akafa.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na kila mara nilicheka. Siku hizi sicheki sana. Watu wawili waligombania udongo uliomfunika farasi aliyekufa, na mimi msomaji, miaka yote hiyo, sikuwahi kujiuliza mnyama kama yule alikanyaga udongo gani alipokuwa hai. Nilikuja kujiuliza swali hilo kwa kuchelewa, tena kwa ajili ya punda, tena hapa hapa Katandala.

Niseme kwanza kwa nini nasema punda wakati nilianza na farasi. Ufipa hatuna farasi. Ukiwa Sumbawanga, juu huku kwenye uwanda wenye baridi na majani tele, unaweza kushangaa kwa nini. Hali ya hewa inaonekana kama imeandaliwa kwa ajili yake. Lakini ili farasi afike huku ilimlazimu apite mapori ya huko chini, na mapori hayo yalikuwa na ndorobo. Livingstone mwenyewe alijaribu. Mwaka 1866 alishuka pwani ya kusini na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wawili na punda wanne, akitaka kuona, pamoja na mambo mengine, kama wanyama hao watastahimili kuumwa na inzi huyo. Walikwisha njiani. Wengine walipigwa na kubebeshwa mizigo kupita kiasi na watu waliopewa kazi ya kuwatunza, hata isijulikane vizuri nani kaua zaidi, inzi au binadamu. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1890, David Bruce alipofanya uchunguzi wake kule Zululand, ndipo ikathibitishwa kwamba mbung'o hubeba vijidudu vinavyoingia kwenye damu ya mnyama.

Kwa hiyo Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880 alipita kwa miguu, na mizigo yake ilikuwa juu ya vichwa vya watu. Hiyo ndiyo historia tuliyofundishwa, kwamba pasipo mnyama, mtu ndiye mnyama. Ni historia ya kweli. Ila imetuachia pengo moja dogo. Kwa kuwa farasi hakukaa kwetu, na ujuzi wa kumtunza haukukaa. Ushairi wetu unamjua farasi, methali zetu zinamjua punda na mateke yake, lakini ugonjwa mkubwa wa kwato zao hauna hata jina tunalolijua wote. Madaktari wa mifugo wanauita laminaitisi. Ba'mdogo wangu aliuita "uvivu".

Ba'mdogo anaishi Katandala, na kwa miaka kadhaa mkate wake umekuwa mkokoteni wa punda. Anabeba mahindi, mkaa, matofali, maji panapokuwa na msiba au harusi. Punda mwenyewe alimnunua kwa wafugaji wa Kisukuma kule bonde la Rukwa, akamwita Diwani. Mimi, mtu wa vitabu, nilifurahi nikidhani amempa jina la mkusanyiko wa mashairi. Kumbe alimaanisha diwani wa kata. "Huyu akikataa kitu, amekataa," alisema. "Humbembelezi."

Masika ya mwaka 2023 barabara za mtaani zililowa zikawa uji. Mkokoteni ukalala. Diwani akawa mapumzikoni, na kwa kuwa alikuwa amefanya kazi kubwa msimu wote wa mavuno, nyumba nzima ikamhurumia. Mama mdogo alikuwa akirudi kutoka mashine ya kusaga na pumba za mahindi, debe likienda kwa Diwani. Watoto wakamkatia majani mabichi yaliyochipua na mvua. Shingo ikanenepa ikatengeneza nundu ya mafuta juu. Tulimwona amependeza! Wageni walikuwa wanasifu.

Halafu asubuhi moja akagoma kutoka. Alisimama ametanguliza miguu ya mbele kama mtu anayeteleza kwenye tope na anajaribu kujizuia, uzito wote ameupeleka nyuma. Ukimgeuza, anageuka kwa shida, mguu mmoja mmoja, kama anakanyaga makaa. Ba'mdogo akatafuta fimbo. Nikamwomba aiweke chini, nikashika kwato: za moto. Punda, jamani, ni mnyama wa siri. Farasi akiumwa utamwona anatoka jasho na kuhangaika. Punda anasimama tu kimya, anakutazama, mpaka maumivu yamzidie kabisa. Tunamwita mkaidi kwa sababu hatujui kusoma kimya chake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nalieleza kwa sababu ni kosa la msomaji.

Nilikuwa nimewahi kusoma kitabu kidogo cha Xenophon juu ya upandaji farasi. Xenophon alikuwa Mwathene, askari na mwandishi, aliyeishi kati ya karne ya tano na ya nne kabla ya Kristo. Kitabu chake ni miongoni mwa vya kale zaidi vilivyotufikia kikiwa kizima juu ya utunzaji wa farasi. Nilikumbuka vizuri sehemu moja: uwanja wa nje ambapo farasi anasimama kusafishwa umwagiwe mawe ya mviringo, mikokoteni minne au mitano, kila jiwe la kujaa kiganja, na pembeni uzungushiwe chuma mawe yasitawanyike. Akisimama hapo, anasema Xenophon, ni kama anatembea njia ya mawe sehemu ya kila siku, na kwato zinakomaa. Ukumbuke Wagiriki wa wakati ule hawakuwa na viatu vya chuma vya kupigiliwa misumari. Kwato yenyewe ndiyo ilikuwa kiatu.

Nikawaza: tatizo letu ni tope, kwato zimelainika, dawa ni mawe. Nikatoa hela yangu, nikaagiza kokoto, tukamwaga zizini. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Nani mwingine Sumbawanga nzima alikuwa amejenga zizi kwa ushauri wa Mwathene?

Siku ya pili Diwani alilala chini na hakutaka kuinuka.

Tulimwita daktari wa mifugo, mama mmoja wa makamo mwenye mabuti ya mvua. Ba'mdogo akamwamkia, akamweleza habari za uvivu. Yule mama hakubishana naye. Alipiga magoti, akaweka vidole nyuma ya mguu juu kidogo ya kwato, akanyamaza kama anahesabu. "Njoo ushike hapa," akaniambia. Nilishika. Mshipa ulikuwa unapiga kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango. "Mmemlisha nini?" Tukamwambia. Kisha akazitazama zile kokoto. "Na hizi ni za nini?"

Sikumwambia ni za Xenophon. Nilisema tu nilisoma mahali.

Alitufafanulia hivi, nami naeleza kwa mfano ambao wapenzi wa vitabu watauelewa. Ndani ya kwato mna mfupa wa mwisho wa mguu. Mfupa huo unashikiliwa na ukuta wa kwato. Upande wa mfupa kuna mamia ya vipande vyembamba vya nyama, upande wa ukuta kuna mamia mengine ya kwato, na vimepachikana ukurasa kwa ukurasa, kama vitabu viwili vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine. Uzito wote wa mnyama unaning'inia kwenye kurasa hizo. Mnyama akila wanga na sukari kupita kiasi, mwili ukavurugika, kurasa zinavimba na kuanza kuachana. Mfupa unaweza kuinama au kuzama. Sasa mnyama wa namna hiyo ukimsimamisha juu ya kokoto, kila jiwe linamchoma chini ya mfupa uliolegea. Mawe yanayokomaza kwato nzima ni mateso kwa kwato inayobanduka.

Akatupa masharti. Kokoto zitoke leo. Paletwe maranda kutoka kwa mafundi seremala, au mchanga wa mtoni, na usiwe wa kunyunyiza kwa aibu. Kina chake kifike angalau shubiri, mpaka kwenye kona zote, ili popote atakaposimama kwato izame na kupata mto wa kuilalia. Akitaka kulala chini alale. Pumba zikome kabisa. Majani mabichi yakome. Ale mabua ya ngano na majani makavu, lakini msimfungie chakula kwa ghafla, maana punda mnene akishinda njaa mafuta yanamwagika kwenye damu na kumuua haraka kuliko kwato. Na chakula kiwekwe kwenye beseni, asile mchanga ukamjaa tumboni. Dawa ya maumivu atamchoma yeye mwenyewe.

"Na mazoezi je?" ba'mdogo akauliza. "Si itabidi atembezwe damu izunguke?"

Swali hilo lina historia ndefu. Kwa karne nyingi huko Ulaya mnyama wa namna hii alitolewa damu, kisha akalazimishwa kutembea, wengine mpaka karne ya kumi na tisa wakishikilia kwamba mwendo ndio tiba yenyewe. Walikuwa na hoja, kwa kuwa mwendo kweli husukuma damu kwenye kwato nzima. Lakini kurasa zinazoachana huzidi kuchanika kwa kila hatua. Jibu la yule mama lilikuwa fupi: "Sasa hivi zoezi lake ni kusimama."

Jioni ile tulipakua kokoto kwa koleo, mimi na ba'mdogo na vijana wawili wa jirani. Maranda yangepatikana kesho yake. Usiku ulikuwa unaingia na mnyama bado yuko juu ya ardhi ngumu. Ba'mdogo akaingia ndani, akatoka na kipande cha godoro kuukuu, gunia, na mipira ya ndani ya tairi za baiskeli. Akakata godoro kwa ukubwa wa kwato, akalifunga kwa gunia, akazungushia mpira. Viatu viwili vya mbele. Diwani akasimama juu ya vile viatu, akashusha pumzi ndefu. Mimi nilimwona kwa macho yangu, hakuna aliyenisimulia.

Usiku ule sikulala, nikarudi kwa Xenophon, safari hii kwa aibu. Na ndugu zangu, yote yalikuwamo. Kabla hajafika kwenye mawe anaanza na maji. Anasema sakafu yenye unyevu na utelezi huharibu hata kwato nzuri, kwa hiyo banda liwe na mteremko wa kuondoa maji. Mimi niliruka mteremko nikaenda kwenye mawe. Tena, mistari michache kabla ya hapo, anaonya kwamba farasi akianza kutawanya chakula chake, mwenye naye aangalie, huenda kuna maradhi yanakuja, na mojawapo analitaja kwa jina lililotokana na shayiri. Ni ugonjwa wa kushiba nafaka. Wako wanaoona kwamba huo ni ndugu wa huu wetu. Shayiri yao, pumba zetu. Lilikuwa kwenye sura ile ile! Nililisoma miaka iliyopita nikalipita, kwa sababu halikuwa na picha nzuri kama mikokoteni ya mawe.

Na kuna jingine. Katika kitabu chake kingine, kile cha safari ya askari elfu kumi kurudi kwao, Xenophon anasimulia walivyofika milima ya Armenia wakati wa theluji, farasi wakawa wanadidimia hadi tumboni. Aliyewaokoa alikuwa mkubwa wa kijiji. Aliwafundisha kuwafunga wanyama vifuko miguuni. Nikamwangalia ba'mdogo anayekoroma chumba cha pili, ambaye hajasoma kitabu hicho wala hatakisoma, na magunia yake. Nilikuwa nimechukua kwa Xenophon yale aliyoyaamuru, nikaacha yale aliyofundishwa.

Katikati ya hayo alikuja mfanyabiashara. Habari za punda mgonjwa husafiri. Hakuja kwa ubaya, alisalimia vizuri, akakaa. Akasema punda wa namna hii harudi kazini, na yeye ana watu wanaochukua ngozi. Msomaji huenda unajua ngozi hizo zinaenda wapi. Huko China huchemshwa zikatengenezwa dawa iitwayo ejiao, na mahitaji yake yamemaliza punda wengi Afrika. Kenya ilifungua machinjio kuanzia mwaka 2016, punda wakaanza kuibwa usiku, na mwaka 2020 serikali ikatangaza marufuku. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuzuia biashara hiyo bara zima. Lakini siku ile tulikuwa bado 2023, na bei aliyotaja ilikuwa zaidi ya mapato ya Diwani kwa miezi mingi. Mama mdogo alimtazama mumewe. Ada za shule zilikuwa zinadaiwa. Sikuthubutu kusema neno, maana mtu ambaye hela yake ya mwisho imeishia kwenye kokoto hana sauti katika baraza kama hilo.

Ba'mdogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu tumemuumiza sisi kwa kumpenda. Siwezi kumuuza kwa kosa langu." Yule mtu akaaga.

Tukatengeneza zizi upya. Tulichimba, tukaweka mteremko kuelekea mtaro. Zile kokoto zikarudi, lakini chini kabisa, maji yapate pa kupita. Juu yake moramu ikashindiliwa. Juu ya moramu, mchanga wa mtoni, ule wenye chembe kubwa kidogo, maana mchanga laini kama vumbi ukilowa unaganda kama sakafu. Pasiote hata jani. Punda, kwa asili, ni mtu wa nchi kavu. Mababu zake walifugwa kaskazini mashariki mwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, na mwili wake bado unakumbuka majani makavu na safari ndefu. Zizi kavu lisilo na jani kwetu lilionekana kama gereza. Kwake lilikuwa karibu na kwao.

Wiki zikapita. Dawa ilipokwisha na mshipa ukatulia, ndipo mazoezi yakaanza, asubuhi, kwa dakika tano, kwenye ardhi laini, kwa mstari ulionyooka. Kona za ghafla zilikatazwa kwa sababu zinasokota kurasa. Hakuna mkokoteni. Akirudi tunashika kwato: zikiwa za moto, kesho hatoki. Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Majirani walicheka kuona mtu mzima anamtembeza punda bila mzigo. Ba'mdogo akawajibu, "Diwani yuko kwenye ziara ya kata."

Kitu cha mwisho kilichonifundisha historia kilikuwa kwato yenyewe. Kwato hukua kutoka juu kwenda chini, polepole, na ile ya mbele huchukua karibu mwaka kufika ardhini. Ugonjwa ulipopita uliacha mfereji, kama pete, karibu na nywele. Kila mwezi pete ilishuka kidogo. Ungeweza kuisoma: hapa ni pumba, hapa ni kokoto zangu, hapa ni mchanga. Mtu akikuuzia punda na kukuapia kwamba hajawahi kuumwa, inama uangalie kwato. Zinaweka kumbukumbu kuliko sisi.

Masika yaliyofuata mchonga kwato alikuja na tupa yake. Pete ilikuwa imefika chini kabisa. Aliikwangua, ikaanguka mchangani kama maganda ya kucha, na Diwani hakutingishika. Ba'mdogo aliokota kipande kimoja, akakigeuzageuza, akanipa. "Weka kwenye vitabu vyako huko," akasema.

Nimekiweka. Kiko ndani ya Xenophon, kwenye ukurasa wa shayiri.